Tusikiache Kinyama Njiani

Ndugu mwananchi, ukitolewa kinyama hospitalini, unajua kinakwenda wapi?

Mlango wa kuingilia tunaujua. Daktari amepapasa uvimbe, amechoma ganzi, amekata kipande kidogo na kukitumbukiza kwenye kichupa chenye dawa inayochoma pua. Kisha anasema, "Jibu njoo uchukue baada ya wiki mbili." Tunashukuru, tunavaa viatu, tunaondoka. Kuanzia hapo habari za kichupa kile hatunazo tena.

Huko kinakokwenda kuna daktari ambaye pengine hutaonana naye maisha yako yote. Ni daktari bingwa wa patholojia. Mtaani likitajwa jina la kazi yake watu hufikiria mochwari na uchunguzi wa maiti. Kazi hiyo anaifanya kweli, lakini muda wake mwingi anautumia kwa ajili ya walio hai: uvimbe wa titi la mama, tezi ya shingoni ya kijana, kinyama cha shingo ya kizazi, kipande cha tezi dume ya mzee. Yeye ndiye anayesema hii ni saratani, au hii si saratani. Mpaka aseme, daktari wa upasuaji anangoja, mfamasia anangoja, na wewe nyumbani unangoja huku usingizi umekukimbia.

Leo naomba tuzungumze, kama watu wa nyumba moja, juu ya daktari huyu na kadi yako ya bima ya afya. Maana kinyama kinaweza kukatwa vizuri, na mkataji mzuri, katika hospitali nzuri, halafu kikakwama kwenye dirisha la malipo.

Kwanza tuone kwa nini anahitajika. Chukua mtoto aliyevimba taya. Jirani atasema ni jino. Inaweza kuwa jino kweli. Inaweza kuwa usaha. Na katika nchi zetu zenye malaria inaweza kuwa saratani ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyeiandikia maelezo mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wa namna hiyo katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Burkitt aliziona taya. Waliosaidia kuonyesha kwamba uvimbe wa taya ya mtoto huyu na uvimbe wa tumboni mwa mtoto yule ni ugonjwa mmoja walikuwa wenzake wa patholojia, waliokuwa wakizitazama seli kwenye hadubini.

Saratani hiyo hukua kwa kasi ya kutisha. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache tu. Na hiyohiyo ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Unaona basi wiki mbili za kuhangaika kutafuta hela ya kipimo zina maana gani kwa mtoto yule?

Au chukua tezi za shingoni. Mgonjwa anakonda, anatoka jasho usiku, shingo imevimba. Ni kifua kikuu cha tezi au ni saratani ya tezi? Kwa macho na kwa vidole vinafanana sana. Dawa zake hazifanani hata kidogo. Nani atatenganisha?

Sasa twende ndani ya maabara, maana ukikijua kinachofanyika huko hutaona kipimo hiki kuwa ni karatasi tu.

Dawa ile inayochoma pua ni formalini. Kazi yake ni kukizuia kinyama kisioze na kukishikilia kama kilivyokuwa mwilini. Ili iweze kufanya kazi hiyo, inatakiwa iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama chenyewe. Kinyama kikubwa kilichosongwa kwenye kichupa kidogo huoza kwa ndani, na daktari hata awe bingwa namna gani hawezi kusoma kilichooza.

Kikifika, daktari anakitoa, anakipima kwa milimita, anaandika rangi yake na ugumu wake. Kama ni uvimbe uliotolewa mzima, hupakwa wino pembezoni, ili baadaye ionekane kama kisu cha mpasuaji kilipita kwenye nyama safi au kilikata katikati ya ugonjwa. Vipande vinavyochaguliwa huingizwa kwenye mashine usiku kucha, maji yakatolewa, nta ya moto ikapenya mahali pake. Asubuhi mteknolojia wa maabara anakuwa na kitofali kidogo cha nta chenye kinyama ndani.

Hapo ndipo penye ufundi ninaoustaajabia. Mteknolojia anakifunga kitofali kwenye mikrotomu, anazungusha mkono wa mashine taratibu, na kisu kinachana utepe wa nta wenye unene wa mikroni tatu hadi tano. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko hapo mara kumi na zaidi. Utepe ule anaulaza juu ya maji ya vuguvugu, unanyooka, anaudaka kwa kioo. Akihema vibaya unaruka. Kisha rangi mbili: hematoksilini, inayotengenezwa kutokana na mti wa Amerika ya Kati, huvitia viini vya seli rangi ya zambarau, eosini huvitia vingine vyote rangi ya waridi. Ndipo kioo kinawekwa chini ya hadubini, na daktari anaanza kusoma.

Wakati mwingine anasoma, hatosheki, anaomba vipimo vya nyongeza. Kwa saratani ya titi, kwa mfano, kuna vipimo vinavyoonyesha kama ugonjwa ule unalishwa na homoni. Ukilishwa na homoni, kuna vidonge vinavyosaidia kwa miaka. Usipolishwa, vidonge hivyo havina kazi kwa mama yule. Kumpa bila kupima ni kubahatisha.

Wataalamu hawa hapa kwetu Tanzania ni wachache. Ukilinganisha na nchi tajiri, Afrika iliyo kusini mwa Sahara ina kama sehemu moja ya kumi ya madaktari wa patholojia kwa idadi ya watu. Ndiyo maana vinyama vingi husafiri: kutoka wilayani kwenda mkoani, kutoka mkoani kwenda hospitali kubwa kama Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, Mbeya, Dodoma au Muhimbili. Mara nyingine anayevibeba ni ndugu wa mgonjwa, ndani ya mfuko, kwenye basi.

Ukipewa jukumu hilo, ndugu yangu, lichukue kwa uzito. Usihamishe kinyama kwenye kichupa kingine. Usimwage dawa kwa sababu inanuka, wala usiongeze maji. Usikiweke kwenye barafu. Hakikisha jina limeandikwa ubavuni mwa kichupa, si kwenye kifuniko peke yake, maana vifuniko hubadilishana. Na fomu iende pamoja nacho. Je, haya yanahitaji usomi? Yanahitaji uangalifu tu.

Sasa, nani analipa?

Katika hospitali ya umma daktari analipwa mshahara, hilo ni kweli. Lakini formalini, nta, rangi, visu vya mikrotomu na vioo hununuliwa, na vingi hutoka nje ya nchi. Maabara binafsi ina gharama hizo zote na mishahara juu yake. Kwa hiyo kipimo kina bei, na bei hiyo humkuta mgonjwa wakati mbaya kabisa, akiwa ameshatumia nauli, ameshalipia kumwona daktari, na kijasho cha hofu kinamtoka.

Ndipo bima inapotakiwa iwe imekwishatangulia. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Kwa mtumishi, mchango ni asilimia 6 ya mshahara: 3 anakatwa yeye, 3 anatoa mwajiri. Kadi hiyo haimhusu peke yake. Ina nafasi ya mwenzi wake na wategemezi wanne, wakiwemo watoto au wazazi. Kwa walio nje ya ajira rasmi kulikuwa na mifuko ya afya ya jamii, CHF, ambayo katika muundo wake ulioboreshwa wa mwaka 2018 kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi. Na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima.

Mantiki yake ni ile ya kuzikana na kuozana tuliyoizoea mitaani: wanaochanga leo ni wengi, mwenye shida leo ni mmoja. Tofauti ni kwamba hapa unachanga kabla hujajua shida ni ya nani.

Lakini kuwa na kadi ni jambo moja, na kujua inafika wapi ni jambo jingine. Je, unajua kadi yako inaishia ngazi gani? Inafika zahanati na hospitali ya wilaya tu, au inavuka hadi ya rufaa? Swali hili watu huliona la makaratasi, ila kwa kinyama ndilo swali lenyewe, kwa sababu hospitali ya karibu inayokata kinyama mara nyingi siyo inayokisoma. Unaweza kukatwa kwa kadi halafu ukasomewa kwa fedha taslimu.

Kwa hiyo, kabla ya ganzi, kama si dharura, uliza kwa upole: "Daktari, kinyama hiki kitasomwa hapa au kitapelekwa kwingine? Huko kadi yangu inapokelewa? Inahitaji kibali au barua ya rufaa?" Hakuna daktari muungwana atakayekasirika. Atafurahi, maana naye anachukia kuona jibu limekwama. Rufaa ikihitajika, ifuate ngazi kwa ngazi. Najua inachosha. Lakini barua ile ndiyo inayoifungua kadi yako kule juu.

Sasa nina jambo zito kidogo, na nalisema kwa upendo.

Tunaazimana kadi. Nani asiyejua? Mama mdogo ametoka kijijini, ana uvimbe kwenye titi, hana bima. Binti wa nyumba anaona huruma: "Mama, chukua kadi yangu, umri hawatauangalia sana." Nia yake ni njema kabisa, na mimi siwezi kumlaumu mtu aliyemhurumia mama yake mdogo. Naomba tu tufuatane na kinyama kile tuone kitakavyokuwa.

Kichupa kitaandikwa jina la binti. Fomu itaandikwa umri wa binti. Daktari wa patholojia, ambaye hajamwona mgonjwa, anautegemea sana umri ule katika kufikiri kwake, kwa sababu uvimbe wa titi la msichana wa miaka 24 na ule wa mama wa miaka 58 huanza kufikiriwa kwa njia tofauti. Akimaliza, jibu linaingia kwenye kumbukumbu za binti. Ikiwa ni saratani, mwenye saratani kwa maandishi ni binti. Mama mdogo akipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, aende na jina lipi? Akienda na lake, jibu si lake. Akienda na la binti, atatibiwa miezi mingi, kwa dawa kali, ndani ya jina la mtu mwingine. Na binti mwenyewe siku atakapotolewa uvimbe wake, daktari atafungua faili na kusoma kwamba aliwahi kuugua saratani ya titi.

Umeona huruma ilikofika? Kinyume cha sheria ni kinyume cha sheria, hilo sina haja ya kulirefusha. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, vinyama haviwezi kuazimana majina. Ukitaka kumsaidia mama mdogo, msajilini kwa jina lake kabla hajaugua. Na kama ameshaugua, changishaneni mlipie kipimo kwa jina lake, na muende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaeleze hali. Ofisi hiyo ipo kwa ajili ya wasio na uwezo.

Na majina yaliyo halali nayo yaangalieni. Kwenye kadi ni Mwanaidi, kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA ni Mwanahidi, kwenye kichupa ni Mwana Idd. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Maabara haijui, na mfuko unaolipa madai haujui. Rekebisheni mkiwa wazima.

Nanyi waajiri na maofisa utumishi, nina ombi dogo kwenu. Mchango ukiwasilishwa kwa wakati kama inavyotakiwa, kadi ya mfanyakazi wenu haitakataliwa dirishani. Na mtumishi akileta cheti cha mtoto au cha ndoa ili kuongeza mtegemezi, kishughulikieni wiki hiyo. Mnaweza kuwa mmelala na kinyama cha mtu kwenye droo ya ofisi bila kujua.

Kwenu madaktari wetu wa patholojia na wenye maabara, nasema kwanza ahsanteni. Mnafanya kazi ambayo mgonjwa hapigi makofi kwa sababu hajaiona. Nasikia pia mzigo wenu: dai linarudishwa kwa sababu sahihi moja imekosekana, malipo yanachelewa, na muuzaji wa rangi hataki kusikia habari za madai. Mwezi Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo kwa sababu ya bei, mpaka pande zote zikakaa mezani. Siku zile wananchi walijifunza kwamba kadi ni makubaliano ya watu wawili, anayelipa na anayepokea.

Bado nawaomba: pokeeni kadi. Na pale msipoweza, semeni mapema, kwa maandishi makubwa mlangoni, ili mtu asifike na kichupa mkononi ndipo aambiwe. Maoni yangu ni kwamba kinyama kingelipiwa pamoja na upasuaji wenyewe, dirisha moja, siku moja, iwe kitasomwa hapo hapo au kitasafiri. Anayekata ajue kimelipiwa kabla hajashika kisu. Kinyama kilichokatwa bila njia ya kusomwa ni jeraha tu alilopewa mgonjwa.

Wapasuaji na wauguzi, nanyi mna sehemu yenu kwenye ile fomu. Andikeni umri, mahali kinyama kilipotoka, kimekuwepo kwa muda gani, mnashuku nini. Mistari minne. Fomu yenye neno "uvimbe" peke yake humwacha msomaji gizani, na humpa mlipaji sababu ya kuuliza maswali.

Na sisi wagonjwa, tunapowekewa fomu ya madai mbele yetu ili tuweke sahihi, tuisome. Imeandikwa kipimo ulichofanyiwa? Vizuri, tia sahihi. Imeandikwa usichofanyiwa? Uliza. Fedha ile ni yako na ya jirani yako.

Limebaki jibu. Jibu la patholojia likitoka, ombeni nakala na muihifadhi nyumbani pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ina namba ya maabara juu yake. Kwa namba hiyo kile kitofali cha nta kinaweza kutafutwa hata baada ya miaka, kikakatwa utepe mwingine, kikapelekwa kwa bingwa mwingine kwa maoni ya pili, bila mgonjwa kukatwa upya. Watu wengi hawajui kwamba wana haki ya kuomba hilo.

Lakini kuna majibu ambayo hayajawahi kuchukuliwa. Mgonjwa aliogopa. Au kidonda kilipona akadhani mambo yamekwisha. Au aliona haya kwa deni la kipimo, akaona bora asirudi. Ugonjwa haungoji mtu apate ujasiri, na jibu lililo kabatini halimtibu mtu. Tena usisahau kwamba vinyama vingi hurudi na habari njema: si saratani, ni mafuta tu, ni uvimbe wa kawaida, nenda nyumbani. Kwa nini mtu abebe hofu ya mwaka mzima wakati karatasi ya kumtua mzigo ipo?

Basi leo jioni, mkimaliza kula, ulizaneni mambo mawili. Kadi zetu ziko wapi, na zinaisha lini? Na kuna yeyote humu ndani, au kwa majirani, au kule kijijini kwa bibi, aliyetolewa kinyama na hajarudi kuchukua jibu? Kama yupo, mpigieni simu usiku huu huu. Mwambieni kesho asubuhi aende na kadi yake na kitambulisho chake, na mmoja wenu amsindikize.